Karavani ya Mzee Dereva na Friji la Sindano

Nilipopunguzwa kazi nilikuwa na miaka thelathini na minne, na kitu pekee nilichokijua kuliko wenzangu wengi kilikuwa paneli za sola. Nilikuwa fundi wa mitambo ya mawasiliano. Kazi yangu ilikuwa kupanda vilima vya bara vyenye minara, kufuta vumbi kwenye paneli, kupima asidi ya betri na kushuka. Niliporudi Temeke, kwenye nyumba aliyotuachia baba, jirani yetu mmoja alinisikia nikieleza kazi hiyo, akaniuliza kwa upole kama ni kweli nilikuwa nalipwa mshahara kwa kufuta vioo mlimani.

Nikafungua kibanda cha kuchaji betri ubavuni mwa nyumba. Televisheni ilikuwa ndiyo kwanza imeingia nchini, na watu wa Mbagala na Yombo, ambako nguzo za umeme hazijafika, walikuwa wakileta betri za gari kwa baiskeli ili wakatazame mpira. Sie wenye nguzo nasi tulikuwa kwenye mgao. Siku ya zamu yetu ya kukosa umeme nilichaji kwa paneli moja niliyoinunua Kariakoo, kwa mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu aliyeagiza chache ili kujaribu soko. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila mtu alikuwa anaagiza kitu cha kujaribu. Niliifunga juu ya bati, ikawa inaonekana tangu barabarani, na ndiyo iliyomleta mzee dereva.

Alikuja asubuhi moja, kavaa kanzu na kofia ya kiua, akasimama akiitazama paneli kwa muda mrefu bila kubisha hodi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akauliza fundi yuko wapi. Nikamwambia ni mie. Aliuliza tu kama kitu kile kinaweza kukaa juu ya gari linalotembea bila kuvunjika, na kama kinaweza kuendesha friji.

Hayo maswali mawili yalikuwa na historia ndefu, nami niliijua kidogo kidogo kadiri nilivyozoeana naye. Alikuwa dereva wa mradi wa kupima barabara kwa miaka ishirini na sita. Kazi yake hasa ilikuwa kuvuta karavani, ile nyumba ndogo ya bati yenye magurudumu mawili ambamo wahandisi wa kigeni walilala porini. Wao walilala ndani, yeye alilala kwenye kiti cha mbele cha gari. Mradi ulipofungwa, vyombo vyake vikapigwa mnada kwenye uwanja mmoja huko Kipawa, naye akaenda kuangalia tu. Akaikuta karavani yake mwishoni mwa safu, magurudumu yamekaa chini, majani yameota hadi mlangoni. Aliitambua kwa bonyeo lililokuwa ubavuni. Alilitia mwenyewe siku alipokwaruza mwamba kwenye mteremko wa Kitonga. Watu walikuwa wanagombea magari, karavani haikuwa na mgombea, na jioni ile akaivuta hadi uani kwake kwa landrova ya kuazima.

Alitaka kumpeleka mkewe akaone nchi. Miaka yote hiyo alikuwa akirudi nyumbani kila baada ya miezi miwili au mitatu na kumsimulia Iringa kuna baridi ya namna gani, Singida kuna mawe ya namna gani, ziwa la Mwanza linaanzia wapi. Mkewe alizaliwa Temeke, akaolewa Temeke, na mbali kabisa alikofika ni Kibaha kwenye msiba. Na hakuweza kwenda popote, kwa sababu alikuwa na ugonjwa wa sukari wa kuchoma sindano kila siku, na dawa ya sindano hizo inataka ubaridi.

Nilimkuta huyo mama siku nilipokwenda kuitazama karavani. Alikuwa mwanamke mnene wa wastani, mwenye sauti ya chini, kajifunga kanga mbili, anachambua mchele barazani. Nikamwamkia, akanikaribisha, akaniletea kahawa isiyo na sukari kama anayokunywa mwenyewe. Nilipouliza anahifadhi wapi dawa siku za mgao, akanionyesha mtungi wa udongo pembeni mwa chumba, nusu yake maji. Chupa zake ndogo zilikuwa ndani ya kopo lenye kifuniko, kopo linaelea. Muuguzi mmoja ndiye aliyemfundisha. Alisema umemfaa kuliko friji la ukumbini, kwa kuwa mtungi hauna mgao.

Akaniuliza kama na mie naona mumewe amepata wazimu. Nikasema sijui bado. Akacheka kidogo, akarudi kwenye mchele wake.

Kazi yenyewe ilinichukua wiki tatu. Ndani ya karavani kulikuwa na vitanda viwili vyembamba, meza ya kukunja, jiko la gesi, na friji dogo lililojengewa humo humo chini ya kabati. Friji lilikuwa zima. Mzee alilifuta kwa sabuni hadi likawa jeupe kama sahani, na lilikuwa linaweza kutumia gesi, umeme wa nyumbani au betri. Mtungi wake wa gesi ulikuwa wa kigeni, hapa mjini hakuna aliyeweza kuujaza. Kwa hiyo tukakubaliana litumie betri, na betri zishibishwe na jua.

Nilipata paneli mbili kwa yule yule mfanyabiashara wa Kariakoo. Kupanda juu ya paa la karavani si sawa na kupanda kilimani. Bati lake ni jembamba, likikanyagwa vibaya linabonyea, kwa hiyo nilitandika ubao na kutembea kwa magoti. Mzee alisimama chini akinipa spana. Ilipofika wakati wa kutoboa matundu ya bolti, aliniuliza mara mbili kama hakuna njia nyingine, kwa sababu paa lile alikuwa ameliziba mwenyewe kwa miaka yote na halijawahi kuvuja. Nikamwambia njia nyingine hakuna, barabara ya bara itazing'oa paneli kabla ya Chalinze. Akageuka akatazama ukuta wa jirani hadi nilipomaliza matundu yote manane. Kila tundu nililijaza gundi ya mpira na kuliwekea mpira wa tairi la baiskeli chini ya nati, na alipopanda mwenyewe kukagua, alipitisha kidole kwenye kila moja.

Betri mbili za lori niliziweka chini ya kitanda kimoja, kwenye sanduku lenye tundu la kutolea hewa nje, maana betri ikichajiwa hutoa hewa mbaya. Nikafunga fyuzi, nikapitisha waya nene, nikatia taa mbili za tyubu na kipanka kidogo cha upepo juu ya kitanda cha mama. Siku ya kuwasha taa majirani walijaa uani. Mtaa mzima ulikuwa kwenye mgao, na karavani ile peke yake ilikuwa inawaka. Mzee alikaa kwenye ngazi ya mlango, mikono magotini, akitabasamu kama bwana harusi.

Kabla ya safari ndefu tulikubaliana kufanya majaribio ya siku mbili. Mpwa wa mama alikuwa na shamba Mbezi Luis, na Mbezi Luis ya wakati huo ilikuwa mikorosho, mihogo na nyumba za kuhesabika. Tukaivuta karavani hadi huko, mie nimekaa nyuma kwenye landrova. Mama alibeba dawa zake za mwezi mzima. Tulipofika akazipanga kwenye friji mwenyewe, moja moja, akafunga mlango na kuweka kiganja juu yake kwa muda.

Nililala kwenye nyumba ya mpwa, wenyewe wakalala ndani ya karavani. Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, wenyewe wako nje, nikaingia ndani ya karavani, na nilipogusa kitasa cha friji nilijua. Lilikuwa la vuguvugu. Nikabonyeza swichi ya taa, tyubu ikapepesa mara moja ikazima. Betri zote mbili zilikuwa zimekwisha kabisa.

Mzee alikuja nyuma yangu. Nikamweleza kwamba friji limekula betri. Hakupandisha sauti. Aliuliza kama ni paneli mbovu, nikasema hapana, kama ni betri mbovu, nikasema hapana. Akaenda akaketi kwenye gogo mbali na sie, akiwa ametupa mgongo.

Ubovu ulikuwa wangu. Nyuma ya friji kulikuwa na kibati kinachoeleza linakula umeme kiasi gani, na sikuwa nimekisoma, kwa sababu kukisoma kulihitaji kulitoa friji lote kwenye kabati. Nilikisia. Nilikuwa nimefanya kazi ya namna ile miaka kumi, milimani nilipima kila kitu mara mbili na kuandika, lakini pale uani, kwa wazee wale waliokuwa wananiletea kahawa, nilitaka mno jibu liwe ndiyo. Nilipolichomoa asubuhi ile na kusoma kibati, nikaona kwamba friji la namna hiyo halina mota. Linapoza kwa kuchemsha kimiminika kilicho kwenye mabomba yake, na kuchemsha kunakula umeme kama pasi. Paneli mbili zisingelitosha kabisa, zingehitajika nane au tisa.

Nilikuwa bado nimechuchumaa hapo nikiwa na bisibisi mkononi mama alipoingia. Nikaanza kumwomba radhi na kumuuliza habari za dawa zake. Akafungua kikapu alichokuja nacho, kile ambacho wote tulidhani ni cha vyombo. Ndani yake kulikuwa na mtungi mdogo wa udongo na maji, na kopo linaelea. Alikuwa amezihamisha chupa zote mapema, alipohisi friji linapoteza ubaridi.

Nikasema, "Mama, kwa hiyo ulijua halitaweza."

"Sikujua. Ila mie ni mgonjwa wa miaka kumi na moja, siwezi kutoka nyumbani na matumaini peke yake."

Akakaa kitandani. Nje mumewe alikuwa bado kwenye gogo. Akamtazama kupitia dirisha dogo, kisha akaniambia maneno niliyoyashika hadi leo.

"Sasa utakwenda kuzungumza naye. Usimwambie haiwezekani, mwanangu. Mwambie bado. Yule akiambiwa haiwezekani ataiuza hii, na akiiuza atakaa barazani afe."

Nikamuuliza kama yeye mwenyewe anataka kwenda. Akasema kwamba miaka ishirini na sita mumewe amemsimulia miji, naye amekuwa akiitikia, lakini hakuwahi kujua nusu ya yale ni kweli au ni maneno ya mtu anayerudi nyumbani anataka kupokewa vizuri. Alitaka kwenda kuona.

Nilikwenda kwenye gogo nikamwambia mzee bado. Nikamweleza kosa langu lote bila kuficha. Alisikiliza, akauliza swali moja tu, kama kuna friji la namna nyingine linaloweza. Nikasema lipo, lenye mota ndogo, lakini sijui litapatikana wapi hapa mjini. Akasimama, akapangusa kanzu. Akasema kama lipo basi linatafutika.

Tulilitafuta mwezi na zaidi. Nilizunguka Kariakoo yote, nikauliza hospitali wanakohifadhi chanjo, nikaandika barua ambazo hazikujibiwa. Mwisho fundi wa mafriji wa Kinondoni akaniambia kwamba boti za watalii zina mafriji ya betri, nikaulize Msasani. Huko nikamkuta mzee mmoja wa Kiarabu aliyekuwa akitengeneza boti, mtu wa maneno machache, na kwenye banda lake, chini ya turubai, kulikuwa na friji la sanduku linalofunguliwa kwa juu. Gesi yake ilikuwa imevuja, mota ilikuwa nzima. Safari hii nilisoma kibati kabla sijasalimia vizuri. Hakutaka kuliuza. Lakini alikuwa na boti ambayo nyaya zake zilikuwa zimeliwa na chumvi, hakuna taa hata moja inayowaka, na mwenye boti alikuwa anaisubiri. Nikamfungia nyaya mpya kwa siku nne, nikaondoka na friji.

Yule fundi wa Kinondoni akaziba tundu na kulijaza gesi. Nikalipima kwangu siku tano mfululizo, nikiandika kila saa. Hesabu ikaonyesha paneli mbili zitatosha siku za jua kali lakini siku za mawingu zitapungua. Ilihitajika ya tatu. Yule mfanyabiashara hakuwa nazo tena. Nikaishusha iliyokuwa juu ya bati langu. Mzee alipoiona kwenye mkokoteni alikataa, akasema hawezi kuchukua kitu cha riziki ya mtu. Nikamwambia ni ya kuazima, atanirudishia wakirudi. Hapo akakubali, nami nikaifunga kwenye fremu za zile mbili bila kutoboa tundu jipya.

Waliondoka siku ya Jumamosi, jua linachomoza, kwa ile landrova ya kuazima. Shehe wa mtaa alisoma dua, ubani ukafukizwa ndani ya karavani hadi nikahofia nyaya zangu. Mama alivaa baibui jipya na miwani ya jua ya mpwa wake. Majirani wanawake walisindikiza hadi barabara kubwa, wengine wanalia, wengine wanamtania kwamba kapata nyumba isiyo na mama mkwe wala mawifi. Kile kikapu cha mtungi kilikuwa miguuni pake.

Wiki ya tatu, kondakta wa basi la Dodoma aliniletea karatasi iliyokunjwa. Mwandiko ulikuwa wa mzee. Aliandika kwamba wapo nje kidogo ya Dodoma mjini, hawajambo, ila friji limeanza kulegea tangu siku nne zilizopita na hajui amekosea wapi. Nikafunga kibanda, nikatia vipimo vyangu kwenye mfuko, nikapanda basi pale Ubungo. Njia nzima nilikuwa nawaza: bolti zimelegea, waya umekatika, betri imepasuka kwa joto. Niliwaza pia sindano.

Nilifika saa saba mchana. Karavani ilikuwa imeegeshwa kando ya uzio wa shamba la mizabibu, na niliiona kwa mbali kwa sababu ilikuwa na rangi. Juu ya paa, zimetandazwa vizuri na kubanwa kwa mawe madogo, zilikuwa kanga mbili na shuka moja. Zimefunika paneli zote tatu.

Nilikaa chini pale pale barabarani nikacheka hadi mwenye shamba akaja kuniuliza kama naumwa. Mama alikuwa amegundua kwamba nguo zikianikwa juu ya vile vioo zinakauka upesi kuliko kwenye kamba, na mumewe ndiye aliyekuwa akipanda kila asubuhi kumwanikia. Nilipomweleza, mzee alijitetea kwamba kanga ni nyembamba, alidhani jua linapita. Mama akamwambia kwamba mbona yeye jua halimpati akijitanda. Walikuwa wanazozana kwa namna ambayo sikuwahi kuwasikia Temeke, kama vijana.

Niliondoa nguo, nikafuta vumbi, na kesho yake mchana betri zilikuwa zimeshiba. Dawa hazikudhurika. Hewa ya Dodoma ni kavu, na mtungi ulikuwa umezipoza vizuri siku zote hizo. Sikuwa na kazi nyingine, lakini nilikaa nao siku mbili.

Nilichokiona siku hizo mbili ndicho mama alichokuja kuwasimulia wenzake aliporudi, miezi minne baadaye, uani kwake, wanawake wamemzunguka kwenye mkeka. Walimuuliza ziwa likoje. Alisema ni maji, ni mazuri, lakini si hilo. Alisema kila walikosimama watu walitoka kumpokea mumewe. Mama muuza chakula wa Gairo alimkumbatia akalia, kwa sababu mwaka fulani mzee alimpeleka mtoto wa mama huyo hospitali kwa gari la mradi bila ruhusa, na karibu afukuzwe kazi. Fundi wa kuziba matairi wa Manyoni alikuwa amempa mwanawe jina la mzee. Pale Dodoma, nikiwapo, mwenye shamba la mizabibu alikuja na kapu la zabibu na kusimama kwa heshima kama aliye mbele ya baba yake, na mama alikuwa amekaa mlangoni anatazama tu, mkono mmoja shavuni.

"Nimezaa naye watoto watano," aliwaambia wale wanawake. "Nilikuwa namjua nusu."

Mzee alikuwa upande wa pili wa ua, anaishusha paneli yangu kutoka kwenye paa. Alikuwa ameifunga kwa blanketi. Alinirudishia yeye mwenyewe, akaibeba begani hadi kibandani, ingawa nilimwomba tuipakie mkokoteni. Njiani akaniambia kwamba matundu yale manane hayakuvuja hata tone, hata Singida walikopigwa na mvua ya mawe. Alilisema kwa namna ya mtu anayemsamehe mwenziwe.

Baada yao nilipata wateja wengine. Nilifunga sola kwenye trela la wachimba visima, kwenye gari la kliniki ya macho, na kwenye karavani ya mzungu mmoja aliyetaka kukaa Pangani mwaka mzima. Kila friji nilisoma kibati chake kwanza. Leo paneli ziko juu ya mapaa mengi, na hakuna anayeniuliza tena habari za kufuta vioo.

Mwaka uliofuata walikwenda tena, mara hii kusini, kwa paneli ya tatu waliyojinunulia. Nilimwandikia mzee karatasi ya maelekezo, yote kwa herufi kubwa, na mstari wa kwanza ulihusu kanga. Walifika Songea wakarudi. Sikuitwa hata mara moja, na nakiri kwamba kila lilipopita basi la huko nilikuwa naangalia kama kondakta ana karatasi mkononi.